Pumzi za Dakika ya Tisini

Jumamosi, 24 Februari

Kwako Chiriku,

Leo Mwenye Gemu alikuja kwenye meza yangu na viatu visivyo na ubovu wowote. Alivigeuzageuza, akakagua soli, akashindwa kuniambia vina tatizo gani. Nikajua ana neno. Nikamsogezea kigoda.

Alianza mbali. Alinipa pole tena, nadhani ya kumi tangu tulipokuzika. Kisha akasema ligi ya gemu ya mpira chumbani kwake inaanza Jumamosi ijayo, na mashine yake ina nafasi ya kuhifadhi timu nane tu. Timu yako bado imo. Kinyozi anaitaka nafasi hiyo kwa ajili ya shemeji yake, na kwa desturi yao timu isiyo na mwenyewe, au inayoshika mkia ligi ikiisha, hufutwa ili nyingine iingie. Hakutaka kuifuta kabla hajaniambia. Nilimshukuru kwa hilo.

Nikamuuliza kufutwa maana yake nini. Akasema ni kufutwa, hairudi tena. Wachezaji, majina yao, na yote uliyowafundisha kwa miaka mitatu.

Unanijua mimi si mtu wa kubishana. Mteja akisema nimemshonea vibaya, nafumua. Lakini nilisikia kinywa changu kikisema kwamba timu hiyo ina mwenyewe.

"Nani?" akauliza.

"Mimi hapa."

Aliviangalia vidole vyangu. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akaniambia niende Jumanne nikajifunze kushika pedi ya kuchezea.

Jumanne, 27 Februari

Nimekiona chumba chako. Dirisha moja, mlango mmoja, runinga nne, viti vya plastiki ambavyo vimekatika mgongo vikafungwa kwa waya. Joto la mashine na la watu. Nilisimama mlangoni nikawaza jinsi kifua chako kilivyokuwa, na hewa ya mle ndani. Sitamwambia mama yako. Yeye tayari anaamini chumba hiki ndicho kilichokuchukua.

Mwenye Gemu alifungua timu yako. Wa Kwetu. Hukuniambia kwamba ndivyo ulivyoiita. Wala hukuniambia kwamba tumo humo ndani sote. Bibi yako kipa. Mama yako beki wa kushoto. Kaka yako beki wa kati. Jirani muuza mkaa yuko mbele, mrefu kama alivyo. Mimi namba sita, katikati. Na kule pembeni kushoto, mgongoni namba kumi na moja, Chiriku.

Nilimwomba Mwenye Gemu anipe dakika moja. Akajifanya anarekebisha waya.

Baadaye alinieleza. Kila wiki timu inapewa pointi ishirini za mazoezi. Unaweza kuziweka kwenye kasi, kwenye shuti, kwenye nguvu au kwenye pumzi. Zako ulikuwa ukiziweka karibu zote kwenye pumzi. Akanishauri nibadilishe, maana kasi inaonekana siku hiyohiyo, lakini pumzi inapanda kidogo sana, mstari mmoja kwa wiki tatu, tena hakuna anayeisifia.

Wewe ulikuwa ukitoka kazini unakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kando ya meza yangu, unanieleza mambo haya nami nashona. Nusu nilisikia, nusu ilipita. Lakini siku moja ulisema kila mtu ananunua kasi, na kasi inaisha dakika ya sitini. Ukasema, "Baba, mimi ndiye najua thamani ya pumzi." Ukacheka mpaka ukakohoa, ukaanza kupapasa mfukoni kutafuta dawa yako ya kuvuta.

Pointi ishirini. Zote pumzi.

Ijumaa, 2 Machi

Nimewafanyisha mazoezi jana na leo. Yapo mepesi na mazito. Nimewapa mazito.

Jumamosi, 3 Machi

Tano bila.

Nataka nikueleze kosa langu, maana ni langu peke yangu. Katika kazi yangu kiatu hupigwa rangi ya mwisho mwenyewe akiwa amesimama mlangoni. Ukikipiga mapema kinashika vumbi. Basi na timu nikaifanya hivyohivyo, nikaikung'uta mazoezi mpaka jioni ya kuamkia mechi ili ifike inang'aa. Tulipoanza, ile alama ndogo ya pumzi iliyo chini ya kila jina ilikuwa nyekundu tayari. Bibi yako alikuwa amechoka golini kabla hajagusa mpira. Juu ya hapo nilikuwa nimebana kitufe cha mbio muda wote. Kidole gumba changu kina sugu ya sindano, hakisikii kama kimebonyeza au kimeachia.

Aliyetufunga ni Kinyozi. Ana vijana wenye kasi ya ajabu. Alipomaliza akauliza chumba kizima kama kuna mtu anajua mahali pa kuuza kobe kumi na moja. Watu wakacheka. Akaniambia, "Mzee, si aibu kuacha. Wewe rudi kwenye viatu, sisi tutamkumbuka mtoto kwa njia nyingine."

Nilimwambia nitaonana naye mzunguko wa pili.

Jumanne, 6 Machi

Mwenye Gemu amenionyesha jinsi ya kuwapumzisha. Jumatano mazito, Alhamisi mepesi, Ijumaa hakuna. Ningeikumbuka gundi nisingekosea. Gundi hupakwa, huachwa, na anayekiwahi kiatu kabla haijashika anarudi nacho kesho yake kikiwa kimeachama.

Ishirini. Zote pumzi.

Jumamosi, 10 Machi

Tatu bila, tumefungwa. Lakini mabao mawili yaliingia kabla ya mapumziko. Baada ya hapo ni moja tu.

Jumamosi, 17 Machi

Mbili moja, tumefungwa. Muuza mkaa amefunga bao letu la kwanza. Nilikwenda kumpa habari dukani kwake. Akaacha kupima mkaa, akauliza alifunga kwa mguu upi.

Alhamisi, 22 Machi

Mvua imeanza. Soli zote za mtaa zimeachia kwa siku moja. Sijainua kichwa tangu asubuhi.

Jumamosi, 24 Machi

Tumefungwa.

Jumamosi, 31 Machi

Tumefungwa. Umeme ulikatika dakika ya sabini, ikabidi mechi irudiwe mwanzo. Tukafungwa tena. Nadhani ni mimi tu katika chumba kile niliyefungwa mara mbili kwa mechi moja.

Jumatano, 4 Aprili

Kaka yako amekuja. Hakukaa. Alisema amesikia mambo huko kazini, kwamba baba yake, mtu mzima, mwenye msiba wa miezi mitatu, anashinda kwenye chumba cha gemu anazomewa na vinyozi. Akasema watu wanadhani nimechanganyikiwa. Alisema kwa upole, nampa sifa hiyo, lakini alisema yote.

Nilimuuliza kama anajua kwamba yeye ni beki wa kati.

Akasogea karibu na meza. Kisha akauliza nani alimweka hapo. Nikamwambia ni wewe, na kwamba ulimpa urefu zaidi ya alionao. Akaangalia mvua.

"Baba," akasema, "hata kama. Mnashika mkia. Anayeshika mkia si ndiye anafutwa mwisho wa ligi? Sasa utamfuta wewe mwenyewe kwa mikono yako. Weka hata kasi kidogo."

Neno hilo lilinichoma, Chiriku. Maana ni kweli. Nikifungwa mpaka mwisho, atakayekuwa amekufuta ni mimi. Nilikaa na kiatu cha mtu mkononi nisijue ninakifanya nini.

Ndipo nikamwambia kwamba wewe ulikuwa huwezi kutembea kutoka hapa hadi kituoni bila kusimama mara mbili. Ulikuwa unajifanya unaangalia vitambaa dukani ili watu wasijue kwamba unatafuta hewa. Mimi nilikuwa nakuona kutoka hapa mezani, na nilikuwa najifanya sioni. Mtu huyo alipopewa nafasi ya kuwatengeneza watu kumi na moja apendavyo, hakuwapa mbio wala mashuti. Aliwapa pumzi. Mimi nani hata nibadilishe?

"Sibadilishi," nikasema. "Tukizama, tutazama tunapumua."

Kaka yako alicheka, akainamisha uso. Alikaa juu ya ndoo yako mpaka mvua ilipopungua.

Jumamosi, 7 Aprili

Sare, moja moja. Pointi yetu ya kwanza. Nilisahau mwavuli wangu mle ndani kwa furaha.

Jumamosi, 14 Aprili

Tumefungwa dakika ya kumi, tukasawazisha dakika ya themanini na tisa. Aliyesawazisha ni namba sita. Sitataja ni nani.

Mzunguko wa kwanza umekwisha. Pointi mbili. Tuko mkiani, na aliye juu yetu ana tano.

Jumanne, 17 Aprili

Mstari wa pumzi umepanda tena. Ishirini. Zote pumzi.

Alhamisi, 19 Aprili

Kinyozi ameleta viatu vyake. Nilivishika nikaona vimelika kwenye ncha tu, kisigino kizima kama kipya. Huyo ni mtu anayetembea kama anayechelewa kila mahali. Nilitaka kumchukia, lakini viatu vya mtu vikiwa mkononi ni vigumu kumchukia mwenyewe.

Aliniambia shemeji yake amekwisha chagua rangi za jezi. Nikamwambia viatu viko tayari Jumamosi. Akataka leo. Nikamwambia gundi haijui haraka ya mtu.

Jumamosi, 21 Aprili

Moja bila. Tumeshinda! Mara ya kwanza.

Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa anakunja nguo. Hajawahi kuniuliza habari za gemu hata siku moja. Leo, bila kunitazama, akauliza nimecheza na nani. Nikamwambia. Akauliza kama na yeye yumo. Nikamwambia yumo, beki wa kushoto.

Akaacha kukunja. "Beki," akasema. "Miaka yote hii nimempikia, kaniweka nyuma."

Nikamweleza kwamba pembeni upande uleule, mbele yake, uko wewe. Kwamba ulimweka mahali ambapo kila ukigeuka unamwona. Alichukua shati langu akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Jumamosi, 28 Aprili

Sare. Barabara yote ni tope.

Jumatano, 2 Mei

Leo Mwenye Gemu ameniambia jambo. Kifua chako kilipokuwa kikibana ukiwa mle ndani, Kinyozi ndiye aliyekuwa akisimamisha mechi. Hata kama anashinda. Anaweka pedi chini, anafungua mlango, anawatoa watu wote nje wakasimame juani mpaka utakapomwita. Wala hakuruhusu mtu aulize.

Nilirudi nikamwambia mama yako. Akauliza mlango ulikuwa unafunguliwa wote au nusu. Nikasema wote. Akasema, "Basi."

Nimeandika hili ili ujue kwamba nimejua. Lakini Kinyozi bado anataka nafasi yako, nami bado simpi.

Jumamosi, 5 Mei

Tumefungwa mbili moja. Ninaumwa mgongo.

Jumamosi, 12 Mei

Tumeshinda. Mabao mawili, yote baada ya dakika ya sabini. Sasa nimeanza kuyaona uliyokuwa ukiyaona. Kipindi cha kwanza tunaonekana wazembe, wanatuzunguka, watu wananicheka. Kisha kunafika wakati, kama dakika ya sitini na tano, wale wa upande wa pili wanaanza kuchelewa nusu hatua. Mpira uliokuwa wao unakuwa wa katikati. Uliokuwa wa katikati unakuwa wetu. Hakuna aliyeharakisha. Ni kwamba sisi tu hatukupungua.

Jumamosi, 19 Mei

Tumeshinda tena. Hakuna aliyecheka kipindi cha kwanza.

Jumamosi, 26 Mei

Tumefungwa kwa penalti. Nilibonyeza kitufe kisicho chenyewe ndani ya boksi, kaka yako akamwangusha mtu. Nimemweleza. Anasema si yeye.

Hesabu iko hivi. Tumelingana pointi na Mwalimu wa shule ya jirani, ila yeye ametupita kwa mabao. Mmoja wetu atafutwa. Wiki ijayo sisi tunamaliza na Kinyozi, ambaye hajafungwa tangu Machi.

Jumanne, 29 Mei

Watu watano wamepita mezani kunishauri niweke kasi wiki hii moja tu. Hata muuza mkaa. Nimewasikiliza wote. Mmoja nimemshonea bure.

Ishirini. Zote pumzi.

Jumamosi, 2 Juni

Nitaandika polepole, nisiache kitu.

Mwalimu alicheza kwanza, akafungwa. Kwa hiyo sare moja tu ilitutosha. Chumba kilijaa mpaka mlangoni. Kaka yako alikuja na nguo za kazi. Mama yako naye alikuja. Hakuingia, alisimama kwenye kizingiti, mkono mmoja ukiwa umeushika mlango ili usifungwe. Alisema haja yake ni hewa.

Dakika ya nane tulikuwa tumefungwa moja. Dakika ya thelathini, mbili. Vijana wa Kinyozi walikuwa wanatupita kama tumepandwa. Shemeji yake alikuwa amekaa nyuma yangu, nikamsikia akimuuliza Mwenye Gemu akimaliza kuifuta hii atachukua muda gani kuingiza yake. Wakati wa mapumziko Kinyozi aliniambia kwa sauti ya chini, bila kebehi sasa, kwamba nikitaka kuacha hapo, atanichapishia picha ya timu ile niitundike ukutani nyumbani. Nadhani alikuwa anamaanisha wema.

Nikamwambia, "Kijana wangu, dakika ni tisini."

Kipindi cha pili nilifanya lile moja uliloniachia. Sikukimbiza mtu. Niliwaacha wakimbie wao. Yeye amebana kitufe cha mbio, mimi kidole changu kimepumzika. Dakika ya sitini na sita alama zao zikaanza kuwa za njano. Dakika ya sabini na moja tukapata kona, kaka yako akaruka na ule urefu uliompa, akapiga kichwa. Kaka yako halisi alinipiga begani mpaka pedi ikanitoka.

Dakika ya themanini alama zao zilikuwa nyekundu. Zetu za kijani, Chiriku. Zote kumi na moja. Watu waliacha kuangalia mpira wakawa wanaangalia zile alama.

Dakika ya themanini na nne mama yako akapanda kutoka nyuma. Sikumtuma, nilikosea kitufe, lakini alipoanza kwenda sikumrudisha. Akapita mmoja, akapita wa pili, hakuna aliyeweza kumfuata. Pale kizingitini nikasikia sauti ikiuliza huyo ni nani. Kaka yako akajibu, "Ni wewe, mama." Beki huyo akafika pembeni akakutafuta. Ulikuwa peke yako mbele ya goli. Ukauweka ndani, bila nguvu, kama mtu anayerudisha sahani kabatini.

Mbili mbili.

Zilibaki dakika sita, na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo watu bado wananiuliza. Tulikuwa tunaweza kufunga la tatu. Wachezaji wa Kinyozi walikuwa wameinama, mikono magotini. Chumba kizima kilinitaka nipige. Mimi nikaurudisha mpira nyuma kwa bibi yako.

Bibi yako akampa kaka yako. Kaka yako akanipa mimi. Mimi nikampa mama yako, mama yako akakupa wewe, wewe ukamrudishia. Muuza mkaa naye akapewa wake. Tuliuzungusha hivyo, nyumba nzima, kila mmoja akaugusa, na hakuna aliyeweza kutufikia. Sijawahi kutuona sote tukiwa wazima kwa wakati mmoja tangu ulipoanza kuumwa. Sikuwa na haraka ya kumaliza.

"Mzee," Kinyozi akasema, jasho likimtoka, "piga basi tujue moja."

"Sipigi."

Refa akapuliza. Chumba kikapasuka kwa kelele. Mama yako alikuwa ameketi kizingitini, analia na kucheka, akisema kwa watu asiowajua kwamba beki wa kushoto ni yeye.

Timu ya Mwalimu ilifutwa leo hiihii, ndiyo desturi yao. Nilimwomba Mwenye Gemu asubiri nikanakili majina ya wachezaji wake kwenye karatasi. Mwalimu aliipokea, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumanne, 5 Juni

Mvua imekatika. Jua limetoka, na viatu vimepungua mezani.

Shemeji ya Kinyozi ameingia kwenye nafasi ya Mwalimu. Amekuja kuniuliza aweke pointi zake wapi. Nimemwambia aweke anapopenda, tutaonana dakika ya sabini. Mwenye Gemu naye nimemwambia hii desturi ya kufuta si nzuri, na nitaisema kila ligi mpaka aichoke. Ameguna. Nitaisema tena Jumamosi.

Watu wanauliza nitacheza mpaka lini. Nawajibu kwamba mwanangu aliniachia kazi, na sijaambiwa imekwisha. Wakitaka kukufuta waje wanifunge kwanza, na waje na pumzi za kutosha.

Sina ombi kubwa, Chiriku. Mimi nakukumbuka kila siku, wala sichoki. Na wewe huko uliko, ukipata nafasi, unikumbuke.

Baba